Tiketi ya 95: mwongozo kamili wa kuandaa hafla ya kuchangia huduma za jamii Tanga

Mwaka wa kwanza wa hafla ya kikundi chetu ya kuchangia shule tulitangaza kwenye kipaza sauti kwamba tumepata shilingi milioni 11. Vigelegele vikapigwa, mgeni rasmi akapiga picha na walimu, na mimi mweka hazina nikarudi nyumbani Chumbageni na bahasha yenye milioni moja na laki tatu. Zilizobaki zote zilikuwa ahadi. Miezi minne baadaye, baada ya simu zisizo na idadi, tulikuwa tumefikisha milioni nne na ushee. Mwalimu mkuu wa shule tuliyokusudia kuisaidia alikuwa akikutana nami sokoni ananisalimu kwa heshima zote, kisha anamalizia: "Na zile kumi na moja vipi, kaka?"

Hakuna aliyeiba hata senti. Tulichokosea ni kudhani kwamba fedha za hafla hupatikana siku ya hafla. Zinatafutwa wiki nane kabla, na siku yenyewe mnakwenda kuvuna tu. Tangu tulipolielewa hilo mambo yalibadilika, na haya ninayoyaandika ndiyo tuliyojifunza, mengine kwa aibu.

Kwanza: nani anachangisha, na kwa akaunti ipi

Klabu za huduma kwa jamii zinazojulikana zaidi, Rotary na Lions, zote mbili zilizaliwa Chicago, Marekani. Rotary ilianza mwaka 1905 na wakili Paul Harris na wenzake watatu, wakikutana kwa mzunguko katika ofisi zao, na jina likatokana na mzunguko huo. Lions ikafuata 1917 kwa juhudi za Melvin Jones, mtu wa biashara ya bima. Kufungua klabu mpya ya mojawapo kunataka waanzilishi wasiopungua 20. Wanawake walikubaliwa rasmi Lions mwaka 1987 na Rotary mwaka 1989, jambo ambalo bibi zetu wangelicheka, maana miji ya pwani ilikuwa na vyama vya lelemama vya wanawake, vyenye viongozi, sare na michango, miongo mingi kabla ya hapo. Wanaume nao walikuwa na makundi ya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, wakishindana kwa ngoma na kwa karamu. Kukusanyika, kuvaa sare moja na kutoa fedha mbele ya watu ni mambo tuliyoyazoea kitambo.

Huna haja ya kuwa Rotary wala Lions ili uandae hafla. Lakini uwe na usajili. Kikundi cha mtaa huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, na katiba yake, muhtasari wa kikao cha kuanzishwa na orodha ya wanachama. Chama kikubwa zaidi husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Bila karatasi hiyo benki haitawafungulia akaunti ya kikundi, na bila akaunti ya kikundi fedha zitaingia kwenye simu ya mtu. Zikishaingia kwenye simu ya mtu, hata awe walii, maneno yataanza.

Kuna kanuni moja ya Lions ambayo ningeilazimisha kwa kila kikundi: akaunti mbili. Moja ni ya uendeshaji, ndiyo inayopokea ada za wanachama na kulipa chai ya vikao, makaratasi na nauli. Nyingine ni ya huduma, ndiyo inayopokea kila kilichotoka kwa umma, na hakitoki humo ila kulipia gharama za hafla yenyewe na huduma. Wanachama wakitaka soda kwenye kikao, wajichangie wenyewe. Aliyenunua tiketi ya choo cha shule hakununua soda ya katibu.

Weka watia saini watatu, na malipo yapite kwa saini za wawili. Huduma za vikundi kwenye simu, kama M-Koba, zinafaa kwa kikundi kidogo kwa sababu kila mwanachama anaona kilichoingia. Kwa hafla ya mamilioni, nendeni benki.

Hitaji kabla ya hafla

Vikundi vingi huanza na "tufanye matembezi ya hisani" au "tufanye chakula cha jioni", kisha ndipo wanatafuta wa kumsaidia. Geuzeni. Nendeni kwanza mkaone.

Chukua mfano wa vyoo vya shule, maana ndio tulioufanyia kazi. Kiwango kinachotumika nchini ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 380 inahitaji matundu 19. Ukikuta yapo 9 na mawili hayana milango, una hesabu inayojisema yenyewe: kumi yamepungua na mawili hayana faragha. Sentensi hiyo moja itakuuzia tiketi kuliko hotuba ya nusu saa juu ya umuhimu wa elimu.

Ukiwa pale shuleni, kaa na mwalimu mkuu na kamati ya shule, omba makadirio ya gharama kutoka kwa mhandisi wa halmashauri, na uulize halmashauri yenyewe imetenga nini. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na mwaka wa Rotary na wa Lions vilevile, kwa hiyo anayepanga kuanzia Julai anakuwa sambamba na wote. Sisi mara ya pili hatukusema "tunajenga vyoo". Halmashauri na wazazi walibeba mashimo na kuta. Sisi tukachukua milango, mabati na tanki la maji la lita 2,000. Kitu kinachohesabika. Tukaandikiana barua na shule: nani anatoa nini, nani anasimamia fundi, na nani atanunua sabuni baada ya sherehe kuisha.

Kisha vunja hitaji kuwa vipande vyenye bei. Mlango mmoja, bati moja, mfuko mmoja wa saruji. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa mfuko wa saruji ni nini, kiwanda kiko Pongwe na malori anayaona kila siku. Mwambie "nichangie mifuko mitatu" atapiga hesabu kichwani na kukujibu palepale. Mwambie "changia chochote" atakupa elfu mbili na kukutakia kheri.

Tarehe, na hapa ndipo wengi huanguka

Masika, Machi hadi Mei, msiguse kabisa kama hafla ni ya nje. Vuli nayo, Oktoba hadi Desemba, ina siku zake za kukuchezea, kwa hiyo turubai liwepo. Sisi tunapenda Juni hadi Septemba, kusi likivuma na joto limepungua.

Halafu tazama mwandamo. Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na mji wetu una Waislamu wengi. Mchana wa Ramadhani huna hafla ya chakula. Wiki mbili kabla yake watu wako kwenye vunja jungu na harusi za Shaabani, mifuko imekwisha toboka. Baada ya Idi harusi zinaanza tena, na kadi za michango ya harusi ndiyo washindani wako wakubwa kuliko klabu yoyote. Januari ni ada na sare za shule. Ijumaa mchana ni sala, Jumapili asubuhi ni kanisa. Inabaki Jumamosi, au Jumapili kuanzia saa 8 mchana, karibu na mwisho wa mwezi mishahara ikiwa imeingia.

Angalia pia ratiba ya ligi. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, wakicheza nyumbani, mashabiki wao watakuwa uwanjani Mkwakwani na wewe utakaa na viti vyako. Simba na Yanga wakicheza popote pale nchini, ni hivyohivyo.

Hafla ya aina gani

Nitazungumzia mbili tunazozifanya kwa pamoja: msafara wa baiskeli asubuhi na pilau mchana. Tanga ni mji wa baiskeli; ardhi ni tambarare na baiskeli iko karibu kila nyumba, kwa hiyo humlazimishi mtu kununua kifaa. Kutoka mjini hadi Mapango ya Amboni ni kilomita 8 hivi, kwenda na kurudi 16, umbali ambao kijana anauona mchezo na mzee wa miaka 60 anaumudu akipumzika kivulini. Gharama ni ndogo: namba za kifuani, maji, na guta moja linalofuata nyuma likiwa na fundi wa pancha, pampu, solusheni na vipande vya tyubu. Fundi huyo mlipeni vizuri. Mwaka mmoja hatukuwa naye, na baiskeli saba zikarudi zikisukumwa juani, na wenye nazo wakaingia kwenye pilau wamenuna.

Barabara ya Amboni ndiyo inayokwenda Horohoro na Mombasa, ina malori. Bila askari wa usalama barabarani mbele na nyuma msitoke. Watoto wadogo wapangieni mzunguko wao mfupi upande wa Raskazone, wapite Bombo na kurudi.

Bahati nasibu naiweka kando, kwa sababu mbili. Sheria kwanza: kuuza namba za kushindania zawadi ni mchezo wa kubahatisha, na unahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha hata kama lengo ni jema. Pili ni watu wetu. Waislamu wengi wataiona kamari, na hawatakuambia; hawatakuja tu. Mnada hauna shida hiyo, na unaleta fedha nyingi zaidi.

Hesabu ya pilau

Bei nitakazotumia ni za mfano. Wewe chukua kalamu uende sokoni Mgandini ukaandike za wiki hiyo. Tuseme mnalisha watu 300.

Kilo moja ya mchele kwenye shughuli hulisha watu sita hadi saba, kwa hiyo kilo 45. Kwa sh 2,800 ni 126,000. Nyama kilo 40 kwa 11,000 ni 440,000. Vitunguu, viazi, mafuta na viungo 130,000. Kachumbari na matunda 80,000. Wapishi na kuni 150,000. Maji katoni 25 za chupa 12, kila katoni 5,000, ni 125,000. Viti 300 kwa 500 ni 150,000. Maturubai manne kwa 40,000 ni 160,000. Spika na mshereheshaji 250,000. Vibali na usafi 100,000. Jumla 1,711,000. Ongeza asilimia kumi ya dharura, 171,000, unafika 1,882,000.

Gawanya kwa 300, sahani moja imekugharimu sh 6,273. Ukiuza tiketi 20,000, gharama yote inarudi ukishauza tiketi 95. Hii ndiyo namba ya kuandika kwa maandishi makubwa ukutani mnapofanyia vikao. Tiketi 94 za kwanza zinalipa nyama na viti. Ya 95 ndiyo inayoanza kununua bati. Ukiuza zote 300 umeingiza milioni 6 na kubakiwa na milioni 4 na laki moja hivi. Ukiuza 120 umebakiwa na laki tano na ushee, na umewachosha watu 40 kwa bati chache.

Kanuni yetu ni kwamba gharama zisizidi theluthi ya mapato tunayoyatarajia kwa uhakika. Zikizidi, tunapunguza mapambo kwanza. Maua ya plastiki na vitambaa vya kufunika viti havijawahi kunipa mchango wowote.

Punguzeni pia kwa kuomba vitu badala ya fedha. Mwenye maturubai atakuwa mgumu kukupa laki na sitini taslimu, lakini turubai limekaa stoo na atakupa. Mwenye duka atatoa katoni za maji kama jina lake litasomwa. Kila kilichotolewa kiandikwe kwenye daftari kwa thamani yake, na barua ya shukrani impate ndani ya wiki.

Kuuza tiketi

Wiki nane kabla, kamati ya watu saba au tisa, isizidi. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wa chakula, wa msafara, wa vibali, wa matangazo. Kamati ya watu 25 ni mkutano wa hadhara.

Tiketi zichapwe zikiwa na namba na kishina. Kila mwanakamati asaini kuchukua 15, na arudishe fedha au tiketi kila Alhamisi. Msimwachie mtu tiketi wiki tatu mfululizo. Ataziweka kwenye droo na kuja nazo siku ya shughuli akisema watu walikuwa wagumu. Jumatano ya wiki ya hafla vishina vyote virudi, mhesabu, na Alhamisi ndipo mnaagiza nyama kwa idadi mliyoiona, siyo mliyoiota.

Uzeni meza nzima pia. Meza ya watu kumi kwa 250,000, ina jina la ofisi au familia iliyoinunua. Ofisi za mjini, bandarini na viwandani hupenda hilo, lakini barua ifike mwezi mmoja kabla, kwa sababu huko fedha zina foleni ya saini. Peleka mwenyewe, omba mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, rudi baada ya siku tano ukaulize.

Na malipo yote yaende kwenye lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi.

Vibali

Barua ya serikali ya mtaa ndiyo ya kwanza, nyingine zote zitaiulizia. Polisi, kwa mkuu wa polisi wa wilaya, sheria inataka taarifa ya kusanyiko isiyopungua saa 48 kabla. Nyinyi pelekeni wiki mbili kabla, pamoja na ramani ya msafara. Afisa utamaduni wa Jiji kwa burudani, afisa afya kwa chakula, na kama mtapiga muziki ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuhusu haki za nyimbo. Mkiuza tiketi, pitieni TRA mapema mpate maelekezo kwa maandishi. Waombeni Msalaba Mwekundu watu wa huduma ya kwanza. Mfanye yote haya mapema, kwa utulivu, na nakala za kila kitu ziwe kwenye faili moja litakalokuwepo uwanjani.

Mgeni rasmi

Mgeni rasmi mzuri anajua mapema anatarajiwa kufanya nini. Mtu wa kamati anayemheshimu aende amweleze kwa staha: "Mheshimiwa, hitaji letu ni milango kumi, ungeanza na miwili ungetufungulia njia." Akijua hivyo atakuja amejiandaa. Mkimshtukiza jukwaani atataja namba kubwa ya kujinusuru, na mtaifukuzia hadi Krismasi.

Mwandikieni hotuba ya dakika kumi. Hesabuni kwamba atakuja na watu wanane ambao hawakununua tiketi na wote watakula. Sahani zao ziwemo kwenye bajeti, zisipungue kwa waliolipa.

Siku yenyewe

Wapishi wawashe kuni saa 11 alfajiri. Msafara utoke saa 1 asubuhi kabla jua halijakaza, urudi saa 4. Chakula saa 7, baada ya adhuhuri. Nyama iwe imechinjwa kwa taratibu za Kiislamu na ijulikane hivyo. Wasio Waislamu hawapungukiwi na kitu, na Waislamu hawatakuwa na shaka.

Mlangoni weka watu wawili, meza moja. Mmoja anachana tiketi. Mwingine ameshika simu ya lipa namba na hafanyi kingine chochote. Atakuja kijana amevaa vizuri, anaonyesha kioo cha simu yake: ujumbe wa muamala, sh 60,000, tiketi tatu. Msiangalie simu yake. Angalieni simu yenu. Kama fedha haijaingia kwenu, ujumbe wake ni maandishi tu, na meseji za namna hiyo tumewahi kuzikuta mbili kwa siku moja. Mwambieni kwa tabasamu, "Kaa pembeni hapo kidogo kaka, mtandao unasumbua." Mwenye fedha kweli atakaa. Yule mwingine atakumbuka kwamba amesahau kitu kwenye gari.

Sasa mnada. Tunanunua gunia la machungwa ya Muheza sh 25,000, tunaweka mkungu wa ndizi, keki moja kubwa, jogoo, na pweza mkavu akipatikana. Utaratibu ni ule wa makanisani: anayenunua ana hiari ya kurudisha ili kiuzwe tena. Mara ya mwisho gunia lile lilianza kwa 40,000, likarudishwa. Likaenda 35,000, likarudishwa. 50,000. Kisha mama mmoja muuza samaki wa Deep Sea akalichukua 30,000, akachagua machungwa mawili tu, akamenya moja palepale, akasema gunia liendelee. Mzee aliyelinunua mwisho kwa 60,000 alilipeleka shuleni kwa watoto. Gunia moja, sh 215,000. Sharti letu kwa mshereheshaji ni moja: asimtaje mtu kwa jina kumshurutisha. Anayetoa kwa aibu leo, mwakani harudi.

Kwenye taarabu kuna jambo ambalo klabu nyingi zinaliacha lipite. Tanga hii ndiyo ya makundi ya taarabu ya Black Star na Lucky Star, watu hapa wanajua kutunza. Beti likimgusa mtu, anainuka na noti, anacheza polepole hadi kwa mwimbaji. Hapo kuna uchangishaji ambao hauhitaji hotuba. Sisi tulikubaliana na kundi mapema, kwa maandishi: malipo yao tunawapa kamili kabla hawajapanda jukwaani, noti inayowekwa mkononi mwa mwimbaji ni yake, inayowekwa kapuni ni ya shule. Kapu lenyewe la ukili, la kawaida. Basi wimbo wa tatu mwimbaji mwenyewe akaliokota, akalitia kwapani, akaanza kupita katikati ya meza huku akiimba, anasimama mbele ya kila mwenye khanga aliyekuwa akiimba naye. Hakusema "toeni". Nilikuwa nyuma yake na mwenzangu tukihakikisha kapu halikai peke yake, na nakiri nilisahau kuhesabu.

Ahadi zitakuwepo, huwezi kuzizuia. Lakini kila ahadi iandikwe fomu palepale: jina, simu, kiasi, tarehe ya kulipa, saini. Na mshereheshaji atangaze jumla mbili, taslimu na ahadi, kila moja peke yake. Kamwe asizijumlishe. Ile milioni 11 yetu ilikuwa jumla ya aina hiyo.

Usiku huohuo, na baada yake

Fedha zihesabiwe kabla maturubai hayajashushwa. Watu watatu, na mmoja asiwe mwanakamati. Sisi humwomba mwalimu. Mnajaza karatasi moja: tiketi, mnada, kapu, lipa namba, ahadi. Wote watatu wanasaini, kila mmoja anaipiga picha. Kama ni Jumamosi na benki imefungwa, pelekeni kwa wakala mziweke kwenye akaunti jioni hiyo, hata kama ni kwa mafungu.

Ahadi zipigiwe simu ndani ya siku saba, na apige mtu anayefahamiana na mwahidi. Baada ya siku thelathini anayebaki mwandikieni barua moja ya upole, kisha basi. Bajeti ya mradi ifuate taslimu iliyopo. Ahadi zikija, zinunue cha ziada.

Vifaa vilipiwe moja kwa moja kwa muuzaji kutoka akaunti ya huduma, mpewe risiti, na shule isaini kupokea. Mwanakamati asipewe fedha mkononi akanunue. Ndani ya wiki mbili taarifa ya ukurasa mmoja ibandikwe shuleni na ofisi ya serikali ya mtaa, na itumwe kwenye kundi la WhatsApp la walionunua tiketi: tuliingiza hiki, tukatumia hiki kwa pilau na viti, tukabakiwa na hiki, tumenunua hivi. Andikeni na yaliyoharibika. Mwaka ule wa baiskeli saba tuliandika "hatukuwa na fundi wa pancha", na mtu mmoja wa Makorora akatupigia simu akasema mwakani atakuja yeye na pampu yake bure.

Miezi sita baadaye rudini shuleni bila kutoa taarifa, katikati ya wiki, wakati wa mapumziko. Fungueni bomba la tanki. Shikeni milango mmojammoja, mtikise bawaba. Ulizeni nani ana funguo na sabuni inanunuliwa na nani. Mara yetu ya mwisho milango minane ilikuwa mizima, wa tisa ulikuwa umelegea, na wa kumi ulikuwa umefungwa kwa kufuli ambalo hakuna aliyejua ufunguo wake uko wapi. Fundi alilikata siku hiyohiyo kwa sh 5,000, kutoka akaunti ya huduma, na risiti ipo.